Mwanangu Alikuwa Akimenya Viazi

Baba yangu ni mchungaji, na kama wachungaji wengi ana kondoo wengi na vitabu vingi zaidi. Kondoo wako kanisani. Vitabu viko kila mahali: kwenye rafu, chini ya kitanda, juu ya friji, na kimoja kinene kimeegemezwa kwenye dirisha la choo lisijifunge kwa upepo. Hicho cha chooni kinahusu unyenyekevu. Nakitaja kwa heshima zote.

Kila Jumapili, nyuma ya karatasi ya ibada, baada ya namba za nyimbo na majina ya wagonjwa, kuna ukurasa wake. Unaitwa "Kutoka Rafu Yangu". Humo Baba huwaeleza waumini kitabu fulani anachokipenda na jinsi kilivyomsaidia kuyaelewa maisha ya kila siku. Watu wanaupenda mno. Wapo wanaousoma wakati wa mahubiri, na Baba hujifanya haoni, kwa sababu anayepuuzwa ni yeye na anayesomwa pia ni yeye.

Ukurasa huo una mtindo wake. Aya ya kwanza ni kitabu, ya pili ni nyumba yetu, ya tatu ni Mungu. Sisi tuko katikati kama daraja. Watu hutukanyaga ili wafike ng'ambo. Mama aliunguza sufuria akalia, kilio chake kikawa somo la uvumilivu, bega kwa bega na kitabu cha daktari aliyeishi na wagonjwa wake kisiwani. Dada alipokosa nafasi ya chuo, kukosa kwake kuliwekwa kando ya maisha ya mfuga nyuki. Mimi nilikojoa kitandani nikiwa na umri ambao watu wenye adabu hawautaji, nikawa neema. Karatasi ile ilifika mpaka shuleni kwetu, shule ya bweni ya kanisa, ikiwa imefungia sabuni ambayo mama mmoja alimtumia mwanawe. Tangu siku hiyo bweni zima liliniita Neema. Nimeliitikia jina hilo kwa muda mrefu, na naweza kushuhudia kwamba neema haitoshi.

Basi niliamua kwamba kama ni lazima niwe mfano, nitachagua mwenyewe niwe mfano wa nini. Kanisani sasa wananiita Kitimbi. Likizo moja katibu wa ofisi ya kanisa aliniomba nimsaidie kuchapa matangazo, nami nikaongeza tangazo moja la kwangu: meno ya bandia yameokotwa kwenye kiti cha mbele, mwenyewe afike ofisini baada ya ibada. Yaliposomwa, wazee wa kanisa kadhaa walijigusa midomo. Mmoja alifika ofisini. Kuanzia hapo ufunguo wa ofisi na mashine ya kudurufu hufichwa mahali nisipopajua, na kila karatasi hukaguliwa kama mzigo wa mpakani.

Likizo hii kosa langu lilikuwa la kiroho zaidi. Niliisogeza mbele saa ya ukutani kanisani, mahubiri yakaisha kabla Baba hajaifikia hoja yake ya pili. Waumini wengi walinishukuru kwa siri. Baba alinihukumu kumenya viazi vya nyumba nzima mpaka shule zifunguliwe.

Ndivyo alivyonikuta jikoni mchana mmoja, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi. Alikuwa na kikombe chake cha chai. Akaegemea mlango.

"Unawaza nini?" akauliza.

Sijui nini kilinipata. Labda ni vile viazi. Ukimenya viazi vingi mfululizo, ulimi hulegea.

"Baba, nimejaribu kusali," nikasema, macho yakiwa kwenye kisu. "Shuleni, hapa, kila mahali. Naona naongea na dari."

Nilisikia anaweka kikombe mezani.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Inakuumiza?"

Nilitaka kufanya mzaha. Nilikuwa nao mmoja tayari, kuhusu dari kuwa na masikio. Lakini nikasema, "Ndiyo, Baba. Inaniumiza."

"Asante kwa kuniambia," akasema. Kisha akavuta kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya nami. Anamenya vibaya sana Baba. Nusu ya kiazi inaondoka na ganda. Lakini alikaa hapo mpaka tulipomaliza, hakunihubiria, wala hakunitajia kitabu chochote. Nilidhani huko ndiko kuzungumza na baba ambako wenzangu bwenini hukusimulia na sisi wengine hatukuamini.

Jumapili nikakaa kiti changu cha kawaida, karibu na nguzo, nikaigeuza karatasi ya ibada.

Aya ya kwanza ilikuwa ya mtawa mmoja aliyekaa pangoni kimya mpaka akasahau sauti yake. Aya ya pili ilianza hivi: "Wiki hii mwanangu alikuwa akimenya viazi. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba akisali huona anaongea na dari. Nilimwuliza kama inamuumiza. Akasema ndiyo. Nilichukua kisu nikamenya naye." Aya ya tatu ilikuwa ya Mungu, na ya dari, na jinsi dari ilivyo sakafu ya mtu mwingine aliye juu.

Iliandikwa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ingekuwa mbaya ningeichana nikasahau. Mama mmoja mbele yangu alitoa leso akafuta macho, kisha akageuza shingo taratibu, akatazama. Nikajikaza. Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Dada.

Hapa itabidi nitoe somo la sarufi, mnisamehe. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema ngeli ya A-WA ndiyo ngeli yenye ukarimu kuliko zote. A moja inamtosha mwanamume na mwanamke, askofu na mbuzi. Askofu anakula, mbuzi anakula, na msomaji hawezi kujua nani kala nini mpaka aambiwe. Baba alikuwa ameandika "mwanangu", akaandika "akaniambia". Hakuandika wa kiume wala wa kike. Nyumba yetu ina watoto wawili, kwa hiyo waumini walitafuta dalili, wakaipata: viazi. Kanisani kwetu watu wanaamini kwamba bahari ilipasuka katikati watu wakapita pakavu, lakini si kwamba mtoto wa kiume kamenya viazi.

Dada yangu alikuwa mwalimu wa chekechea ya kanisa, isiyofungwa likizo, kwenye ule ukumbi wa nyuma wenye pembea mbili na mnazi wa kuchorwa ukutani. Nataka ijulikane kwamba katika nyumba yetu Baba anaongea na rafu, Mama anaongea na Mungu kuhusu Baba, mimi na dari tunafahamiana, na Dada anaongea na Mungu tu, kwa sauti ya chini, akiwa anafua. Hajawahi kuniambia nisali. Wakati mwingine huniambia nimpe pini.

Jumatatu Mama Pacha alikuja kuwatoa watoto wake chekechea.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," akamwambia Dada langoni. "Ni umbali tu. Asubuhi wananichosha."

Nyumba ya Mama Pacha inatazamana na lango la chekechea. Akiwa jikoni kwake anaweza kuona ni nani anayemsukuma nani kwenye pembea.

"Pole kwa safari," Dada akajibu, na uso wake haukucheka.

Wiki haijaisha, umbali ule ulikuwa umewapata wengi. Waliobaki walikuja na mama zao, na mama zao walimshika Dada mkono kwa muda mrefu mno, wakisema, "Tunakuombea." Ukiona kanisa zima linakuombea na wewe si mgonjwa, jua kuna jambo.

Kisha akaja mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa ambaye mimi humwita Mzee Kwa Ufupi. Kila akifungua mdomo husema "kwa ufupi", na ukisikia hivyo tafuta kiti. Alikaa sebuleni kwetu, kofia gotini. Baba alikuwa ametoka kuwaona wagonjwa. Mimi nilileta chai, nikabaki mlangoni na sinia kama mtu aliyesahauliwa.

"Kwa ufupi, mwanangu," Mzee akamwambia Dada, na chai ikapoa kabla hajafika alikokuwa anakwenda. "Hatukufukuzi. Nani kasema kufukuza? Tunasema upumzike kidogo. Hata Bwana alipumzika."

"Alipumzika baada ya kumaliza kazi, Mzee," Dada akasema. "Mimi nina watoto hawajaijua herufi M."

"Wazazi wana wasiwasi. Mtoto mdogo ni kama kitambaa cheupe."

"Kitambaa gani hicho, Mzee? Mimi ndiye ninayewafuta kamasi."

Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha. "Basi tuambie jambo moja tu, yaishe. Aliyekuwa akimenya viazi ni wewe?"

Dada akanitazama. Kusema "si mimi" kungekuwa kusema "ni huyo mwenye sinia", na mwenye sinia anasoma shule ya kanisa ambako mwalimu mkuu hutimua watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilifungua mdomo. Dada akanikata jicho, nami nikaufunga. Sijui kwa nini niliufunga. Nilikuwa na sinia tu, sikuwa na bunduki kichwani.

"Muulizeni aliyeandika," akasema.

Hawakumuuliza. Mchungaji haulizwi, mchungaji huombewa. Ijumaa Dada akaambiwa aanze kupumzika.

Siku hiyo nilimfuata uani akianika nguo. "Waambie ni mimi," nikamwambia. "Shule sijali. Wakinifukuza nina ufundi wa viazi."

"Si kazi yangu kukutaja," akasema, pini mdomoni. "Yeye ndiye aliyeandika. Yeye ndiye atafute namna ya kuandika tena."

"Basi mwambie mimi nimekubali."

Akazitoa pini mdomoni, akanitazama kama ananipima nguo. "Umekubali kweli? Au ni kitimbi?"

"Kweli."

Akamwambia Baba wakati wa chakula. Hakupaza sauti. Alisubiri Baba amalize kusifia simu aliyopigiwa na askofu. Askofu alikuwa ameusoma ukurasa wa viazi, ukamgusa, akasema kurasa zote zikusanywe zitolewe kitabu. Baba alikuwa ameanza kufikiria jalada. Katika maisha yake alikuwa amevipenda vitabu vyote kwa haki, na sasa kimoja kilitaka kumpenda na yeye.

"Baba, naomba maneno mawili tu," Dada akasema.

"Sema, mwanangu."

"Si ya kusema. Ya kuandika. Jumapili hii, baada ya 'mwanangu', ongeza 'wa kiume'. Mwenyewe amekubali."

Baba akaweka uma chini. Akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Mama akatazama sahani yake.

"Siwezi," akasema Baba taratibu. "Nisikilizeni. Maandishi yale ni ya kila mzazi na kila mtoto. Ndiyo maana yamewagusa watu. Nikianza kusema wa kiume, wa kike, yatakuwa umbea."

"Sasa hivi ni nini?" Dada akauliza.

"Mimi sikumtaja mtu."

"Ndiyo, Baba. Hukumtaja. Ndiyo maana nimekaa nyumbani."

"Watasahau. Watu husahau." Akapangusa mdomo. "Na nikisahihisha leo, kila wiki watakuja kuuliza, huyu ni nani, yule ni nani. Hakuna mtu atakayeniambia jambo tena."

"Hilo ni kweli," Dada akasema. Akainuka, akakusanya sahani, na sahani ya Baba aliichukua ikiwa bado na chakula.

Mama akamfuata jikoni. Nikabaki na Baba. Nilitaka aniambie kitu kuhusu ile dari. Kwamba bado anaikumbuka kama jambo lililotokea jikoni na si kama aya. Aliniuliza kama nadhani jalada la kijani litafaa.

Basi ikabaki kazi ya mtu mwenye uzoefu wa kusema mbele ya watu yasiyotakiwa. Kanisani kwetu, baada ya matangazo, katibu huuliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida ni mtu aliyepoteza mwavuli. Jumapili hiyo nilisimama mimi.

Walianza kucheka kabla sijasema kitu. Katibu akaikagua karatasi yake haraka, juu chini, atazame nimeingiza nini.

"Mimi ndiye niliyekuwa namenya viazi," nikasema.

Wakacheka.

"Nilikuwa na adhabu. Kwa sababu ya ile saa."

Wakacheka zaidi, na mtu mmoja akaitazama saa.

"Anayeongea na dari ni mimi. Si Dada. Dada anaamini kuliko ninyi nyote mkifungwa mzigo mmoja."

Nilisikia feni. Nikadhani yamekwisha, nikadhani maneno yamefika. Kisha sauti kutoka nyuma ikauliza, kwa upole kabisa, "Na yale meno, Kitimbi, umeshampata mwenyewe?"

Kanisa likapasuka. Watoto walicheka wasichokijua. Mama Pacha alijipepea kwa karatasi ya ibada. Mzee Kwa Ufupi akasimama, mkono juu, akingoja wanyamaze, na nilipoona machozi yake nikajua nimekwisha.

"Kwa ufupi, ndugu zangu," akasema, "leo tumehubiriwa na mtoto. Mnamwona? Anajitwika mzigo wa dada yake."

Watu wakaanza kupiga makofi.

"Sijajitwika mzigo wa mtu," nikasema. "Huu ni wangu."

"Mmemsikia?" Mzee akasema. "Anasema huu ni wangu."

Makofi yakazidi. Mama mmoja akanishika kichwa, akanibariki. Nimewahi kudanganya kanisa lile mara nyingi, nikaaminiwa kila mara. Siku niliyosema kweli nilipewa baraka.

Nikamtazama Baba. Alikuwa mbele, mikono juu ya mimbari. Ukiwatoa Mama na Dada, ni yeye peke yake mle ndani aliyejua. Alikuwa na kipaza sauti. Sentensi moja ingetosha, hata yenye sarufi mbovu. Akainamisha kichwa, na watu wakadhani anasali. Mimi namjua. Alikuwa anatafuta aya ya kwanza.

"Tusimame," akasema, "tuimbe."

Dada hakusimama. Alikaa, mkoba mapajani, kama anayengoja zamu yake hospitalini. Tulipotoka wanawake walimpita wakinisogelea mimi. Aliyekaa kimya mbele ya Mzee ili nisifukuzwe shule ni yeye; aliyepongezwa kwa kubeba mzigo wa mwenzake ni mimi.

Wiki hiyo akampigia simu shangazi, anayeishi mbali na kanisa letu, mbali kweli, si umbali wa Mama Pacha. Shangazi akasema aje, huko kuna shule inatafuta mwalimu wa watoto wadogo, na hawatauliza baba yake anasoma nini. Jumapili asubuhi alikuwa anafunga sanduku. Alilaza michoro ya watoto chini kabisa, isikunjike, ndipo akaweka nguo. Hakwenda ibadani. Nilimletea karatasi, maana alitaka kuiona.

Aya ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili waliopotea mlimani, mmoja akambeba mwenzake. Aya ya pili ilianza: "Jumapili iliyopita mwanangu wa kiume alisimama mbele yenu."

Dada akaisoma akiwa amesimama. Akairudia ile sentensi, kidole kikiwa chini ya maneno, kama anavyowafundisha watoto.

"Wa kiume," akasema. "Kumbe anajua kuyaandika."

Akanirudishia karatasi. Hakulia, hakunilaumu. Aliniambia nikae juu ya sanduku ili lifungike. Nikakaa. Nikamwambia nina kilo za kutosha sasa, kwa sababu ya viazi, na akanipiga kofi la begani, na hilo ndilo jambo la mwisho tulilofanya nyumbani pamoja.

Chekechea sasa inafundishwa na mkwe wa Mzee Kwa Ufupi. Ana sauti kubwa. Upepo ukivuma kwetu naisikia nikiwa jikoni, akiwafokea kuhusu herufi M. Mapacha wamerudi, barabara imekuwa fupi.

Baba aliifuta adhabu yangu kabla shule hazijafunguliwa, lakini niliendelea kumenya. Siku moja Baba alikuja tena na kikombe chake, akaegemea mlango palepale.

"Unawaza nini, mwanangu?"

"Viazi, Baba."

"Viazi tu?"

"Hivi vina macho mengi."

Akangoja. Akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya. Safari hii alimenya vizuri, ganda jembamba, sijui alijifunzia wapi. Alinitupia jicho mara kwa mara. Alitaka kusema kitu, nadhani, na huenda kilikuwa kitu kizuri. Lakini nilikuwa nimemwona mtu huyu akiwa amekaa hivi hivi, na nikakumbuka yaliyofuata. Nikamwambia chumvi imekwisha. Nikamwambia kisu chake ni butu. Ndoo ikajaa, na hakuna kati yetu aliyesema neno linalofaa kuchapwa.

Mama naye siku hizi akiunguza sufuria huifukia uani.

Jumapili iliyofuata niliigeuza karatasi. Kulikuwa na kitabu, kisha kulikuwa na Mungu. Katikati hapakuwa na mtu. Waumini waliusoma ukurasa haraka, wakaikunja karatasi, wakasikiliza mahubiri kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Baada ya ibada, chini ya saa ya ukutani inayokwenda vizuri siku hizi, nilimsikia Mzee akiwaambia wenzake wa kamati kwamba ukurasa umepoa, hauna tena ule uhai, na kwamba, kwa ufupi, labda Mchungaji naye apumzike kidogo.